Hamsini

Sevlievo tanzia hubandikwa mlangoni:
karatasi moja, picha moja, ukingo mweusi,
na jirani akipita husimama, husoma, huvua kofia.
Kwa hiyo usiniambie printa ni kitu kidogo.

Jumanne. Theluji imepanda hadi kitasani.
Bi Nevyana kaketi kwenye kiti cha wateja,
picha ya mumewe mapajani, ndani ya bahasha,
kwa tanzia ya siku ya tisa.
Ile ya kwanza tulikwenda kuichapisha Gabrovo, kwa aibu na kwa gharama.

Ofisi yetu ina mashine tatu zisizosikilizana:
Windows ya kaunta, nzito kama kabati;
Mac ya Ognyan, mchonga mawe ya makaburi, adharauye nyaya;
na laptopu ya mpwa wangu Plamen, ya Linux,
isiyoweza kusoma jina la kaunta
kwa kuwa nililiandika kwa herufi zetu,
basi kwake kaunta huitwa alama tano za kuuliza.
Mafahali wawili hawakai zizi moja;
hawa watatu wanagombea trei moja ya karatasi.

Nikaanza na dhambi ndogondogo.
Waya umekaa. Karatasi ipo. Wino, nusu.
Foleni: kazi saba, ya kwanza imekwama,
nyingine zinaitazama kisogo.
Nikazifuta, nikatuma upya, zikajipanga vilevile.
Mac ikasema printa haipo.
Linux ikasema ipo, ila haitaki.
Windows, kwa adabu ya karani wa serikali, ikasema subiri.

Nikapiga hodi kwenye anwani yenyewe,
ile inayoishia na hamsini, niliyoipa printa kwa mkono wangu.
Ikaitika. Milisekunde tatu.
"Yupo," nikasema,
na Bi Nevyana akainua uso haraka mno.
Ipo, nilitaka kusema. Ipo.

Nikachomoa waya wa printa.
Nikapiga hodi tena, kwa mazoea tu.

Ikaitika.

Printa imezimika, baridi kama jiwe la Ognyan,
na anwani yake inajibu: tatu, tatu, nne.
Plamen akakuna shingo. "Shangazi, kuna mwingine anakaa humo."
Akafungua orodha ya ruta: simu yangu, simu yake, Mac, kaunta,
na chini kabisa, VELICHKO-SAA.

Alikodi chumba chetu cha nyuma miaka kumi na tisa,
akitengeneza saa, akichapa stakabadhi kwa printa yetu.
Umeme ulipokatika ile Alhamisi
ruta iliamka na usahaulifu,
ikagawa namba kama mlevi anayegawa karata,
na hamsini ikamwangukia yeye.
Ijumaa moyo wake ukasimama.
Laptopu haikuambiwa.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Bi Nevyana.
Saa zinazojazwa mara moja kwa wiki bado zilitembea,
nyingine zilikwisha kukata tamaa.
Kwenye kioo, kazi moja inasubiri kuchapwa:
aliituma kwa hamsini, asijue hamsini ni yeye.

"Nizime?" Plamen akauliza.
Tukazisikiliza saa.
"Zima, uwashe," akasema Bi Nevyana. "Usizime tu."

Ilipoamka ilipewa sitini na mbili.
Nikaichomeka printa, ikakohoa, ikarudi kwake,
na ya kwanza kutoka haikuwa yetu:
*Saa ya mkono ya Bi Rayna Koleva. Springi mpya.
Leva kumi na nne. Ipo tayari.*

Kisha zikafuata zetu, zote nilizotuma kwa hasira,
Velichko, Velichko, Velichko, na lile tabasamu la nusu.
Tulihitaji sita. Zilitoka ishirini na moja.
Zikiendelea kutoka, Plamen aliifungia hamsini ndani ya ruta,
isimwangukie tena mtu yeyote,
jambo nililopaswa kulifanya mwaka wa kwanza.

Bi Nevyana alizikusanya zote, hakuacha hata moja,
akachukua saa ndogo kutoka ndoano ya tatu,
akaifunga ndani ya ile stakabadhi.
"Rayna anakaa wapi?" akauliza, akivaa glavu.